Kaka Kapigiwa Kelele za Mwizi

Mwenzangu, nimekaa tu sakafuni. Hata kulia siwezi.

Unajua kaka hukimbia kila asubuhi, yale mazoezi aliyopewa kliniki pamoja na dawa za skizofrenia. Leo kapita sokoni anakimbia huku anajibizana na zile sauti anazosikia kichwani. Mtu akapayuka, "Mwizi!"

Mwizi! Kaka yangu huyu huyu!

Nimekimbilia zile kelele, nikamkuta kazingirwa, watu wameshika mawe. Nikamkumbatia, nikapiga kelele, "Ni mgonjwa huyu! Mgonjwa wa akili!"

Wakatawanyika mmoja mmoja. Hakuna hata aliyesema pole.

Tulipofika mlangoni ndipo akaniambia, taratibu kabisa, "Dada, si ungewaambia tu nafanya mazoezi?"