Waya wa Sola wa Mzee Ndyamukama

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Elpidius Rugemalira
Umri: Miaka 79
Kazi: Mwalimu mstaafu, mkulima wa migomba na kahawa
Dini: Mkristo Mkatoliki
Makazi: Bugomora, Wilaya ya Kyerwa
Tarehe: 10 Februari 2025, saa 4:10 asubuhi

Afande, naomba nitangulize salamu za heshima kwako na kwa wenzako wote wa kituo hiki, na kuwaomba radhi kwa kuchelewa. Nilipaswa kufika tangu Ijumaa, siku ambayo Deodatus, mfanyakazi wa jirani yangu Mzee Ndyamukama, aliwekwa mahabusu kwa kosa la kukata waya wa sola wa tajiri wake. Miguu yangu ni mizima. Kilichochelewa ni moyo.

Mimi ni mgane tangu mwaka 2016. Kwa miaka saba Bi. Sperancia, mjane wa kitongoji chetu, alikuwa akija barazani kwangu kila saa kumi alasiri kusikiliza matangazo ya vifo katika redio yangu ya masafa ya kati, yale ya AM. Nilimkaribisha kahawa ya kutafuna katika kikapu alichokisuka marehemu mke wangu. Hapakuwa na jambo jingine. Naomba iandikwe hivyo.

Mnamo tarehe 11 Januari 2025 Mzee Ndyamukama, mnunuzi wa kahawa, naye mgane, alifunga paneli sita za sola na kifaa cha kuchajia betri, kama mita ishirini kutoka barazani kwangu. Tangu siku hiyo, jua likiwapo, redio yangu ilivuma kama nyuki waliofungiwa kibuyuni. Nilimwendea kwa adabu, nikamwomba awe anazima kifaa hicho nusu saa tu, saa kumi. Alikizima, redio ikasema vizuri. Akakiwasha tena mbele yangu, akacheka: "Mwalimu, wewe ulistaafu. Hiyo redio nayo haioni mfano?"

Mnamo tarehe 20 Januari Bi. Sperancia hakuja. Nikiwa migombani nilimwona barazani kwa Mzee Ndyamukama, wakisikiliza redio yake ya FM. Mkono wake uliingia katika kikapu cha kahawa mara saba. Kwangu haukuwahi kuzidi mara tatu.

Mnamo tarehe 6 Februari, saa nne asubuhi, Mzee Ndyamukama alikuwa gulioni Nkwenda, na Deodatus alikuwa mtoni akinywesha ng'ombe. Nilipita migombani na mundu wangu wa kupogolea, nikaukata waya unaoshuka kutoka kwenye paneli. Ni mimi, Afande.

Saa kumi niliweka kahawa kikapuni, nikafungua redio. Haikuvuma. Wala haikusema. Nilizungusha kitufe hadi mwisho: kimya.

Nilivaa kofia nikaenda kumwuliza Bi. Sperancia. Alisema, "Mwalimu, kituo kimebaki FM peke yake tangu Jumamosi. Mwezi mzima wametangaza kwamba AM inazimwa."

Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja mara mbili. Nilibisha hodi, ukaitikia ukiwa ndani: nimelala. Aliyelala huitikia?"

Nilivua kofia. Akaendelea: "Siku ile ya kwanza kwa Ndyamukama nilifuata tangazo la msiba wa dada yangu wa Kanoni. Kwako ningesikia nyuki, dada akazikwa bila mimi."

Kesho yake nilisikia Deodatus amekamatwa, nami nikanyamaza siku tatu. Kwa hilo naona haya kuliko kwa waya. Naomba aachiwe, hana kosa lolote.

Nimemwandikia Mzee Ndyamukama barua ya kumwomba msamaha. Itapelekwa na Bi. Sperancia, aliyenisindikiza na ambaye yuko hapo nje kwenye benchi. Njia ya kwenda kule anaifahamu vizuri kuliko mimi.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na kuyaona. Nimesomewa, nami nayathibitisha.

(Sahihi) E. Rugemalira

Mimi WP Koplo Joanitha Akankwasa nimeandika maelezo haya. Shahidi alipokiri nilimweleza haki zake, akaomba kuendelea. Maelezo yake ya onyo, kama mtuhumiwa, yatafuata. Deodatus ameachiwa saa 6:20 mchana. Nilimshauri shahidi tuondoe habari ya mkono na kikapu kwa kuwa haihusiani na kosa. Alikataa, akasema ndilo kosa lenyewe.