Kituo Walichokitaka Watu wa Masisi na wa Walikale

Walikale, Jumapili

Papa yangu,

Ninakuandikia baada ya misa, mvua inapiga juu ya bati na kahawa iko mbele yangu. Niko muzima. Malaria ilinishika mwanzo wa mwezi, lakini iliniacha na nimerudi darasani kufundisha, kazi yangu ya monitrice. Wewe je, kifua kiko namna gani na baridi ya Nyamitaba? Na goti la Mama? Ile ng'ombe nyekundu imekwisha kuzaa? Ninauliza mengi kwa sababu muchuuzi wa maharagwe aliyepita hapa hakuniletea habari za nyumbani. Alileta moja tu: kwamba kwetu watu wanasema mimi, Jozefina, niliuza mulima wa Nyamitaba kwa watu wa Walikale.

Wewe hukusema neno, na kimya chako ninakijua. Njo maana nimeona heri nikueleze mimi mwenyewe, toka mwanzo.

Unakumbuka kile kiangazi ambacho Leta, njo serikali, walituma wageni kutoka Bukavu: mafundi wawili wazungu, na mutumishi mumoja wa serikali, Mukongomani mwenye miwani. Walitafuta mahali pa kujenga kituo cha kusikiliza satelite. Satelite ni chombo cha chuma ambacho inchi kubwa zinakirusha juu sana, kinazunguka dunia bila kuanguka, na kinatuma sauti. Kunatakiwa masikio huku chini ya kuipokea, na sisi tunaokaa karibu na ekweta kinapita mara nyingi juu ya vichwa vyetu. Walifika kwenu Masisi kwanza, wakapenda ule mulima wetu wa malisho. Kisha wakaja huku.

Huku Papa Amundala alikuwa anawangojea. Yeye njo chefu wa kijiji chetu. Zamani alikuwa muwindaji, nyati ikamuvunja muguu, na sasa anatembea kwa fimbo. Tangu redio ya misioni ilipoleta habari ya kituo, alizunguka vijiji vyote vya karibu, kwa ule muguu wake mubovu, akiwakalisha watu na kuzungumuza nao. Nilimusikia siku moja sokoni.

"Hiyo mashini haitatupa chakula," alisema. "Lakini wale watakaoijenga watakula. Watakula muhogo wa nani? Watalala mu nyumba iliyojengwa na nani? Vyuma vyao vitapita barabara gani? Hapo njo pa kuangalia."

Mama mumoja muuza mawese akamuuliza, "Na wakikwisha kujenga, wakaenda?"

"Wakienda, hawawezi kuifunga barabara mu valizi wakaibeba."

Wazee wanaoshika desturi hawakupenda, kwa sababu ule mulima wa huku ambao ungetolewa kwa kituo ulikuwa mahali pao pa tambiko tangu mababu. Papa Amundala ni Mukristo, angeweza kuwapita tu. Hakufanya hivyo. Alienda kwao peke yake, akakaa nao muchana kutwa, akarudi na masharti yao: kilele kichukuliwe, lakini pori la chini lisikatwe. Na yale masharti aliyatangaza mbele ya watu wote, kama kwamba ni yake mwenyewe.

Mimi niliingia mu habari hii kwa bahati. Mukalimani wa wageni alishikwa na homa, na mukubwa wa masomo akanitoa darasani nitafsiri Kifaransa. Wiki ile ile muchuuzi alikuwa ameniletea neno la kaka Anselme: "Wakikuuliza, uwaambie mulima wa Walikale unafunikwa na ukungu na udongo wake unateremuka. Kazi ibaki nyumbani." Papa, sikumukasirikia. Najua namna Anselme anavyotaka watoto wake wapate kazi karibu na nyumba yake. Lakini ule mulima ni wa mawe, na ukungu wake unaondoka mapema kuliko wa kwetu. Nilikaa na lile neno lake tumboni, sikujua nitalifanya nini.

Siku ya kupanda mulima, kamio, lori ya wageni, ilikwama kwenye mutoni, pale ambapo magogo ya daraja yalikuwa yameoza. Mutumishi wa Bukavu akatazama saa yake, akasema kwa Kifaransa kwamba safari imekwisha. Kabla sijatafsiri, Papa Amundala alikuwa amevua viatu na kuingia mu maji. Wanaume wakamufuata, na wamama nao. Walitaka kubeba makaratoni na masanduku yote juu ya vichwa.

Fundi mumoja akashika sanduku lake kwa mikono miwili. "Uwaambie vitu hivi vinavunjika."

Nikawaambia. Papa Amundala akajibu kwa upole, "Umwambie, kwa njia hii tunabeba wanawake wenye uchungu wa kuzaa mpaka hospitali. Tunajua kubeba kinachovunjika."

Nilipotafsiri, yule fundi aliachilia sanduku. Naye akavua viatu.

Juu kabisa mafundi walisimamisha fimbo ndefu za chuma, wakafunga nyaya, wakawasha mashini. Tulingoja. Watu walikaa juu ya mawe wakila mihogo ya kuchoma, mpaka fundi akanyoosha mukono tunyamaze. Kukatoka sauti ndogo sana, kama kifaranga ndani ya yai. Ikapanda, ikakaa kidogo, ikashuka, ikapotea. Yule mama wa mawese akaniuliza kwa sauti ya chini, "Inasema nini?" Nikamuuliza fundi. Akafikiri, akasema, "Inasema iko pale. Ni hiyo tu kwa leo." Hakuna aliyecheka. Papa Amundala alikuwa ameondoa kofia yake, na nilipomuona vile, machozi yalinitoka. Sijui ni kwa nini.

Kisha kukawa mukutano, palepale juu. Mutumishi wa Bukavu alisimama, akasema jambo ambalo sikutaka kulipitisha mu kinywa changu. Alisema: "Kule Masisi wametuambia watu wa pori hawawezi kazi ya saa, leo wako kazini, kesho wamefuata nyama. Munajibu nini?" Nilisita. Papa Amundala akaniangalia. "Sema yote, mutoto wangu. Usiipunguze kwa ajili yetu." Nikaisema yote.

Watu wakaanza kunungunika, kijana mumoja akasimama kwa hasira. Papa Amundala akamukalisha kwa mukono tu. Kisha akasema, na maneno yake ninayo mpaka leo:

"Muambie hivi. Masisi hawakudanganya juu ya kitu kimoja: barabara yao ni nzuri kuliko yetu. Maharagwe tunayokula hapa yanatoka kwao. Mawese wanayopikia yanatoka kwetu. Mukiweka kituo kule, sitawachukia, lakini mulete barabara mpaka huku. Mukiweka huku, barabara itapita kwao, nao watauza. Sikuja kuwashinda Masisi. Nimekuja kuomba kitu chenye kutufaa sisi wote."

Mutumishi akavua miwani, akaipangusa. Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe, monitrice? Wanasema wewe ni mutoto wa Nyamitaba. Unajua milima yote miwili. Useme."

Hapo njo nilisema yale ambayo mumeyasikia yakiwa yamegeuka. Nilisema Nyamitaba kuna barabara na hewa ya baridi inayofaa mashini zao. Nilisema pia ule mulima wa kwetu ni malisho, na chini yake ni mashamba ya maharagwe ya watu wengi, na mulima ule ukizungushiwa waya, ng'ombe wataenda wapi? Nilisema wa huku ni mawe, hakuna anayeulima, lakini njia yake imekufa. Sikuongeza, sikupunguza. Papa, mulima ule sikuuza. Niliona tu mu moyo wangu macho yako asubuhi unapofungulia ng'ombe, nikashindwa kunyamaza.

Wageni wakarudi. Tukakaa tukingoja mpaka mvua zikaanza, na juzi neno limefika kwa redio ya misioni: kituo hakitajengwa Nyamitaba wala Walikale. Kitaenda inchi ingine, karibu na bahari, mahali ambapo meli zinaweza kuleta vyuma. Anselme atafurahi kujua kwamba sote tumekosa, ao hatafurahi, sijui.

Watu walikusanyika kwa Papa Amundala kama watu wanaokuja kwenye kilio. Wengine walisema walibebeshwa masanduku bure. Yeye aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Mafundi wameona barabara yetu kwa miguu yao. Mutumishi wa Leta ameiona. Aliandika mbele yetu kwamba njia hii ikitengenezwa, inchi hii itatajirika. Hakuandika kwamba lazima satelite ije kwanza." Akachukua shoka, akaenda kwenye mutoni. Kesho yake magogo mapya matatu yalikuwa yamelazwa, na kijana yule wa hasira njo alikuwa anayachonga. Nimeishi na walimu, na masista, na wakubwa wa ofisi, Papa, lakini sijaona muntu anayeshindwa namna ile.

Sasa njo sababu ya barua hii. Papa Amundala anakuja Masisi. Anataka machefu wa pande zote mbili waombe pamoja barabara moja, kutoka kwenu mpaka kwetu, na waende Bukavu wakiwa kinywa kimoja. Aliniuliza aanzie kwa nani. Nikakutaja wewe, kwa sababu wakulima wa Nyamitaba wanakusikiliza hata kama huna cheo. Atakuja kwa miguu na watu wake wawili, ile njia yote, na ule muguu. Muchuuzi anamutangulia na barua hii.

Usalimie Mama, umwambie kitambaa alichonitumia ninakivaa kila Jumapili. Salimia shangazi mukunga, na jirani yetu wa muzinga wa nyuki, na katekista aliyenifundisha kusoma. Salimia sana kaka Anselme na muke wake. Umwambie asikimbilie shamba siku mugeni atakapofika, akae naye, amuulize yeye mwenyewe nilisema nini kule juu.

Na wewe, Papa, ninakuomba kitu kimoja. Papa Amundala amekaa maisha yake yote mu pori, hajaona malisho. Asubuhi umupeleke juu ya mulima, pole pole, umusimamishe pale ambapo mafundi walisimama, ng'ombe wakiwa wanatoka. Aone malisho aliyokubali tubaki nayo alipotoa mulima wa kwao.

Mutoto wako anayekukumbuka,
Jozefina