Siku Ambayo Babu Hakuandika

Jumatatu, 3 Machi
Mbuzi, maji, kufagia. Kisha kwa chifu na fomu ya cheti cha kuzaliwa. Nilizaliwa hapa nyumbani Marungu, hakuna karatasi. Shuleni waliniandika 1 Januari 2007 kwa sababu hakuna aliyejua siku. Karani akacheka. "Dada, wewe nchi nzima inakusherehekea." Amesema nirudishe fomu Ijumaa. Tarehe nitakayoandika ndiyo itakayobaki.

Sitaki 1 Januari. Nataka siku ambayo Mama alinizaa.

Jumanne, 4 Machi
Nyanya hakumbuki tarehe. Anakumbuka mvua kubwa, ndovu shambani, basi. Mama angejua. Alifariki nikiwa na miaka mitatu. Sikumbuki sauti yake. Naona aibu kuandika hivyo.

Jioni nimeshusha kalenda za marehemu Babu kutoka stoo. Za buchari, za kanisa, za duka la mbegu. Katika kila kisanduku cha tarehe aliandika kitu kwa penseli, miaka nenda miaka rudi.

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma 2007 yote. "Mvua nzuri." "Ng'ombe amezaa jike." Ndama yupo. Mimi sipo.

Nimemkasirikia Babu. Nimelia chooni ili Nyanya asisikie.

Alhamisi, 6 Machi
Nimerudia polepole, kidole juu ya kila siku. Zote zina maandishi isipokuwa moja. 17 Aprili. Tupu kabisa. Kesho yake: "Ndovu wamemaliza mahindi."

Nikampelekea Nyanya jikoni. Akaacha kukoroga uji. Akaniambia nifungue 2004. "Mghoi amejifungua, mvulana." Mghoi ndiye Mama. Siku tisa baadaye: "Mtoto amekufa." Nikafungua 2005. Msichana. Siku nne.

Sikujua kulikuwa na wengine kabla yangu.

Nyanya akasema, "Babu yako aliamini penseli yake ndiyo iliyowachukua. Wewe ulipolia, akaitupa nje. Siku hiyo hakuandika kitu."

Uji ukaungua. Tukaunywa hivyo hivyo.

Ijumaa, 7 Machi
Fomu imepokewa. 17 Aprili 2007. Karani alisoma, akapiga muhuri, akaita mtu mwingine. Nilitamani aulize.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa nimefungua 17 Aprili ya kila mwaka, moja baada ya nyingine. 1991, jirani amepata mapacha. 1998, ng'ombe mweusi amekufa. 2002, hakuna mvua, hakuna wingu. Nilidhani nimemaliza, kumbe 1994 ilikuwa imeshikana na nyingine kwa unyevu.

"Mghoi amepoteza kiatu bwawani. Amelia mpaka akalala."

Alikuwa na miaka tisa. Nyanya hakumbuki kiatu chochote, nimemuuliza mara mbili. Babu hakuandika kama kilikuwa cha kushoto au cha kulia.

Ningependa kujua.