Unga Unaotembea

Mjukuu wangu Zuhura,

Hapa Ziwani hatujambo, bibi yako anakusalimu, na mikorosho imeanza maua. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, pole na mwandiko.

Umesema unga wako wa makopa, ile mihogo mikavu, huko Njombe unatembea kama vumbi lenye roho, mwenzako wa chumba anakuita mchafu, nawe unataka kuhama. Huo ni utitiri, vidudu vidogo mno. Kama unaletwa na uchafu au la, swali hilo nililimaliza kabla mama yako hajazaliwa, na kijiji kizima hakuna aliyenibishia tena.

Bibi yako alipokuwa bi harusi, masika yalikuwa mazito, unga wetu ukatembea. Dada yangu akasimama mlangoni: "Kaka, umetuolea mchafu!" Bibi yako akafunga mzigo arudi kwao. Nikasema, haendi mtu. Nikagawa unga mpya wa kinu kimoja. Dada, na mikono yake safi, akauweka wake palepale ulipokuwa ule wa kwanza, kando ya mtungi wa maji. Wa bibi yako nikauanika juani, kisha ukakaa kwenye uchaga juu ya moto.

Siku zikapita. Wa bibi yako umetulia, wa dada unatembea.

"Haya wifi," bibi yako akamwambia, "na wewe funga mzigo."

Dada mwenyewe akacheka.

Utitiri huishi kwa unyevu. Baridi ya huko huupunguzia mwendo tu. Jua kali na ukavu ndivyo vinavyouua. Uanike unga, uuweke mbali na ndoo ya maji. Itakayohama ni ndoo, siyo wewe.

Babu yako, asiyeshindwa.