Gari la Baba Neema Halilii

Uvira, Kavimvira, Jumapili baada ya misa

Mama yangu,

Pokea heshima za mtoto kwa mzazi wake. Goti lako je? Mvua zikianza huko Kalemie huwa linakusumbua, nami siko karibu kukupashia maji ya chumvi. Sisi huku tunapumua. Neema ameng'oka meno mawili ya mbele, lakini kwaya anaimba kana kwamba anayo yote. Barua hii anakuletea jirani anayepanda boti Kalundu, kwa sababu mambo haya nisingeweza kuyasema kwenye simu, watu wa nyumba hii wakinisikia.

Unajua tunaishi kwa lile gari la marehemu mume wangu. Wakati wa matanga halikuguswa, ndiyo desturi ya huku. Lilikaa uani mpaka tulipomaliza kilio. Kisha nikalitoa, nikawa naenda Luberizi kuchukua mchele na kuuleta sokoni. Basi likaanza kuchemka. Kila safari mshale wa kupimia joto unapanda, nasimama kando ya njia, nangoja lipoe, naongeza maji. Maji yalikuwa yanakwisha na mahali yanapokwenda hapaonekani.

Hapo akaingia shemeji Musafiri, mdogo wa marehemu. Mama, huyu hajawahi kushika spana ila kwa kufungulia chupa ya bia. Akamleta fundi wake anayejiita Profesa. Sijui alifundisha wapi, lakini nawaonea huruma wanafunzi. Jambo la kwanza alifungua kizibo cha radiateri motere ya gari ikiwa bado inachemka. Maji yakamrukia mpaka kifuani, naye akalitukana gari.

Alipopona akamimina yai bichi humo ndani. Gari likachemka. Akamimina unga wa muhogo, eti utakwenda wenyewe kutafuta tundu na kuliziba. Mama, nimepika fufu kwa chungu, kwa sufuria, hata kwa pipa siku za kilio. Ndani ya radiateri bado. Gari likachemka zaidi, kwa kuwa sasa lilikuwa na maji machache na uji mwingi.

Mwisho akalala chini ya gari, akapapasa udongo, akaukuta mkavu. Akatoka na uso wa daktari anayeleta habari mbaya.

“Maji haiangukie chini. Motere iko nayakunywa. Joint ya culasse, ile inazuiaka maji isiingie mu mafuta, imekufa, na motere nayo imekufa.”

Nikamwambia, “Kama motere ingekuwa inakunywa maji, mafuta yake yangekuwa meupe kama chai ya maziwa. Nimeyapima asubuhi, ni meusi. Na moshi hauna weupe.”

Akacheka. “Mama Neema, weye baki na mchele. Motere utuachie.”

Musafiri naye akatikisa kichwa kwa huzuni ya kukopa. “Shemeji, gari iko inamulilia mwenyewe. Kitu ya marehemu haikae. Tuiuze vipande vipande, nimeisha kupata muntu. Atakuja Alhamisi.”

Inamlilia mwenyewe! Siku za ugonjwa wa kaka yake, huyo Musafiri hakutoa chozi wala kikombe cha maji. Sasa kazi ya kulia ameliachia gari. Likiuzwa hilo, mimi na watoto tungekula nini? Lakini sikubishana. Marehemu alikuwa akisema kubishana na mjinga ni kumfundisha ubishi.

Jumanne rozari yangu ilianguka chini ya kiti cha mbele, upande wa abiria. Nikapeleka mkono, nikakuta zulia limelowa chapachapa. Nikanusa vidole. Harufu tamutamu, ile ya maji ya kijani ambayo Baba Neema alikuwa akinunua kwa ajili ya radiateri. Nikaketi pale pale chini, Mama, nikalia kidogo, maana nilikumbuka.

Tulipokuwa tukipanda milima ya kwenda Bukavu, mvua ikinyesha na baridi ikiniuma, alikuwa anageuza kitufe kidogo, hewa ya moto inanipuliza miguuni. Ananiambia, “Weye muntu wa ziwa, vidole vyako vimelala, niviamshe.” Gari hili lilitengenezwa kwa nchi za baridi. Ndani, nyuma ya dashibodi, lina radiateri ndogo ya kupasha joto, na maji ya motere yanapitia humo. Ndiyo iliyotoboka, ikamwaga yote kwenye zulia. Nani Uvira atakumbuka kwamba gari lina jiko la kuota, na sisi tunatafuta kivuli tangu asubuhi? Profesa alitazama chini ya gari, juu ya gari, nusura atazame mbinguni. Ndani, ambako miguu yake mwenyewe ilikuwa inalowa kila alipoketi upande wa abiria, hakutazama.

Nikangoja motere ipoe kabisa. Nikamwaga ule uji, nikasuuza kwa maji safi mpaka yakatoka meupe. Yale mabomba mawili ya mpira yanayokwenda kwenye radiateri ndogo nikayachomoa, nikayaunganisha moja kwa jingine kwa kipande cha bomba la chuma, nikakaza kwa kolye, zile pete za kubania, huku na huku. Lile joto la miguuni halitakuwapo tena. Nilikaza polepole.

Alhamisi wakaja, Musafiri, Profesa na mnunuzi na kamba yake ya kuvutia gari. Nikawasha motere. Tukasimama tukiitazama, wao wakingoja ichemke kama watu wanaongoja chakula. Mshale ulifika katikati, ukakaa.

“Umetia dawa gani?” Profesa akauliza.

“Nimetoa zako.”

Musafiri hakukubali. “Leo inatembea, kesho itakufa. Muntu amekuja na kamba, tumurudishe bure?”

Mama mkwe, ambaye tangu mazishi hakusema neno juu ya gari la mwanawe, akatoka na kikapu chake. Akafungua mlango wa mbele, akaketi.

“Musafiri, weye baki na mugeni wako. Minye naenda Luberizi, mupunga iko inaningoja.” Akanigeukia. “Twende, mwanangu.”

Mnunuzi ndiye aliyetufungulia lango.

Nisalimie dada yangu muuza samaki wa ndagala, mjomba katekista, na shangazi aliyenifundisha kusuka. Waambie nimekonda kidogo lakini nasimama. Tia goti mafuta kila jioni.

Binti yako akupendaye,
Mama Neema