Nimetuzwa kwa Uvumbuzi Nisiouelewa

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi nitakaa mbele ya mwanasheria wa kampuni kueleza uvumbuzi wangu, na shida ni kwamba uvumbuzi wenyewe siuelewi, wala si wangu.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, mume wa mtu na baba wa watoto wawili, fundi katika kitengo cha utafiti cha kampuni inayotengeneza chipu za simu na kompyuta, na nikisema utafiti usinifikirie makubwa, wanaotafiti ni wengine, mimi kazi yangu ni kujaza matangi, kupima joto na kuandika namba kwenye fomu, na hata fomu zenyewe nimewahi kuzijaza kichwa chini miguu juu. Chipu huanzia kwenye visahani vya silikoni, vyembamba, vinavyong'aa kama kioo, na kila hatua lazima vioshwe kwa maji safi kisha vikaushwe, na hapo kwenye kukausha ndipo tulipokuwa tumekwama miaka miwili, kwa sababu maji yakikauka huacha madoa, na doa usiloliona kwa macho linaua chipu nzima, wahandisi wamepuliza hewa ya moto, wamevizungusha visahani kama feni, madoa yako palepale.

Tangi la kuoshea lilikuwa chini ya mwenzangu mmoja, mama wa makamo tunayemwita Mama Taratibu kwa sababu hana haraka hata kengele ya moto ikilia. Siku moja mchana nilikwenda kula nikaacha chupa ya spiriti wazi kando ya tangi lake, jambo lililokatazwa kwa maandishi mekundu ukutani, na maandishi hayo niliyabandika mimi. Niliporudi nikamkuta anainua trei ya visahani kutoka majini polepole mno, nikamtania, "Dada, mbona leo unainua kana kwamba umembeba mtoto aliyelala?" Akanijibu bila kunitazama, "Bega linaniuma, kaka. Niache." Visahani vikatoka vikavu, havina hata tone, tukaviweka chini ya hadubini, doa hakuna.

Ndipo mkuu wa kitengo akaingia, akachungulia, akachungulia tena, akauliza, "Nani amefanya hivi?" Mama Taratibu alikuwa ameinama anafuta sakafu, na mimi, mshauri, sijui ni shetani gani aliyeushika ulimi wangu, nilisikia sauti inasema, "Ni mimi, bosi, kuna wazo nimekuwa nikilifikiria siku nyingi," na sauti ilikuwa yangu. Mimi, ambaye wazo pekee nililokuwa nimelifikiria siku nyingi ni kuomba kiti kipya.

Kuanzia hapo maji yakazidi unga. Wahandisi wakarudia mara ishirini, mvuke wa spiriti juu na trei ikipanda polepole, ikakubali kila mara, kampuni ikaandaa maombi ya hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, ikiwa na jina langu peke yake, nikapewa ngao ya kioo mbele ya wafanyakazi wote, nikahutubia dakika nne juu ya subira katika sayansi, nikapigiwa makofi, nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli, sijui yalitoka wapi. Mama mkwe, aliyekuwa akiniita "huyo muosha vyombo vya kompyuta," ametundika picha yangu sebuleni kwake, nikienda ananipa kiti kikubwa na kuwanyamazisha watoto ili nifikiri, basi nakaa, nakunja uso, nafikiria chakula kitaiva saa ngapi.

Yangekuwa ya kucheka tu, lakini wiki iliyopita imeletwa mashine ya kuinua trei, iliyoundwa kutokana na huo uvumbuzi "wangu," na Mama Taratibu ameambiwa tangi halimhitaji tena, mwisho wa mwezi anahamia ghalani kubeba maboksi, na bega lile lile. Alikuja mezani kwangu akanipa mkono. "Hongera, kaka. Nauliza tu. Humo kwenye karatasi, bega langu nalo wameliandika?" Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Mke wangu nimemweleza ukweli, akasema, "Kaseme. Mama yangu nitamwambia mimi." Lakini naogopa, nikisema nitafukuzwa kwa uongo na kwa ile chupa pia, nikinyamaza mwanamke wa watu atavunjika mgongo kwa ajili yangu. Na mwanasheria ameshanitumia swali lake la kwanza: kwa nini trei iinuliwe polepole?

Mshauri, kwa nini?

Mvumbuzi wa Uongo

MSHAURI ANAJIBU

Bwana Mvumbuzi, barua yako imenichekesha mpaka nilipofika kwenye maboksi, hapo kicheko kikakatika. Una kipaji cha kujidharau, na umekigeuza maficho. Mtu akijiita mjinga mara nyingi hivyo, hutegemea tutamwonea huruma tusahau kumwuliza kwa nini alidanganya. Uliiba, ndugu yangu. Uliiba kwa woga, si kwa ujasiri, lakini aliyeibiwa haoni tofauti.

Alhamisi isingengoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu. Wasomaji wajue nilichokuambia: usithubutu kwenda kwa mwanasheria kabla hujaenda kwa Mama Taratibu, umwombe radhi bila vichekesho vyako, kisha umwulize swali lile lile uliloniuliza mimi. Ukaguna. "Yeye atajulia wapi? Lilikuwa bega tu." Nikakujibu, "Kaulize."

Ukauliza. Ijumaa, siku moja baada ya kikao cha mwanasheria, ukanipigia, sauti imekukauka kuliko hivyo visahani. Kumbe bega lilimuuma kweli, lakini polepole haikuwa ya bega. Mama yule ana daftari la miezi saba. Aliona kwamba trei ikipandishwa haraka maji hung'ang'ania visahani, ikipandishwa polepole maji hushikana yakarudi tangini, na siku ile ulipoacha chupa wazi akaona mvuke wake unayasukuma yakimbie zaidi. Aliwahi kumweleza mkuu aliyetangulia, akaambiwa, "Wewe osha tu." Wewe alikuambia ni bega kwa sababu alikuwa amechoka kueleza.

 

Heri uliyafuata niliyokwambia. Mliingia kwa mwanasheria wewe na Mama Taratibu, ukasema yote, na chupa ukaitaja. Mwanasheria alikushukuru kabla ya kukukaripia, maana hataza yenye jina la asiyevumbua ingeweza kufutwa siku moja, kampuni ikabaki mikono mitupu. Jina lako limetoka, la mama yule limeingia. Ngao umeirudisha. Umepewa onyo la maandishi, na kwa maoni yangu ulistahili mawili. Ghalani haendi tena. Anakaa na wahandisi kuwaonyesha mashine iende kasi gani, na wameanza kumwita kwa jina lake la kwenye kitambulisho.

Yamebaki mawili, na hapa sitaki ubishi. Kwa mama mkwe utakwenda mwenyewe, Jumamosi hii asubuhi. Usimtume mke wako. Hakuolewa awe msemaji wako. Sema kwa kifupi, picha uishushe kwa mikono yako, na akikasirika vumilia. Alikudharau ukiwa fundi, hilo ni kosa lake. Ulimdanganya ukiwa mwanasayansi, hilo ni lako. Lipa la kwako.

La pili, umeniambia kwamba juzi ulimwomba mama yule akufundishe lile daftari, mstari kwa mstari, naye, bila kuacha kazi yake, akasema, "Jumatatu saa nne. Njoo na kalamu." Sasa unaniuliza kama alimaanisha kweli au alikuwa anakufukuza kwa adabu.

Fika saa tatu na nusu.