Sweta la Bibi Pelagia

Jumatatu, 3 Juni
Wenye upele watatu, mba wawili, mtoto mmoja wa majipu. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni mwa zahanati. Bibi Pelagia, mkulima wa kabichi wa juu ya misheni, karudi. Baka lake la mkono wa kushoto liko palepale, jeupe-jeupe, kavu. Krimu ya fangasi nilimpa mwezi uliopita. Nimempa nyingine. Alipandisha mkono wa sweta kidogo, nikatazama, akashusha. Basi.

Alhamisi, 6 Juni
Sielewi. Nimekutana na Bibi njiani, nikamuuliza kama panawasha. Hapawashi. Panauma? Hapaumi. Fangasi gani hiyo? Pumu ya ngozi nayo huwasha. Labda dawa ya kupulizia kabichi, lakini mbona mkono mmoja tu? Nimefungua kitabu changu cha chuo. Picha zote ni za ngozi nyeupe, kila ugonjwa mwekundu. Nimekifunga kwa hasira.

Jumapili, 9 Juni
Baada ya misa Bibi kanikaribisha chai. Vikombe vya bati, chai ya moto hasa. Changu nimekishika nikakiachia, nusura nijimwagie. Chake alikikumbatia kwa kiganja cha kushoto, raha mustarehe. "Nyie wa mjini mna mikono laini kama maandazi," kasema. Nimecheka. Nikamsifu: hiyo ndiyo mikono ya jembe.
Nimeteremka nikicheka peke yangu mpaka kwenye daraja la miti. Hapo kicheko kikakatika.

Jumatatu, 10 Juni
Situlii. Kiganjani alikuwa na lengelenge. Nililiona, nikadhani la jembe. Huenda ni la kikombe, la moto ambao hakuusikia.
Kwa nini sijawahi kumvua sweta? Najua kwa nini. Ni mkubwa kuliko mama yangu. Nimwamkie shikamoo, halafu nimwambie avue nguo? Na baridi hii? Huku wote tunaona haya, tunakagua kilichochungulia kwenye mkono wa sweta, tunaandika mba. Nimejiona mjinga. Nimemtumia ujumbe aje kesho.

Jumanne, 11 Juni
Nimewasha jiko la mkaa chumbani, nikavuta pazia.
"Shikamoo bibi. Naomba uvue sweta."
"Marahaba. Mbona siku zote hukusema?"
Nikamsogezea jiko.
Baka la pili begani. La tatu mgongoni, kubwa kama sahani. Nikamwambia afumbe macho, aoneshe kwa kidole kila nikimgusa na pamba. Shingoni kaonesha. Mkono wa kulia kaonesha. Ndani ya baka, kimya. Nikagusa tena. Kimya.
"Hujaanza tu, mwanangu?" kauliza, macho kafumba.
Kidole kidogo cha kushoto hakinyooki. Mshipa wa fahamu kwenye kiwiko umenenepa.
Ukoma. Naandika hapa kwa sababu mdomoni haukutoka. Nimempigia mratibu wa ukoma wa wilaya, anapanda Ijumaa. Naogopa kile kidole. Mwezi uliopita kilikuwa kinanyooka au la? Sijui. Sikukitazama.

Ijumaa, 14 Juni
Mratibu kathibitisha. Dawa ni bure, za miezi kadhaa, na vidonge vingine vya kuokoa mshipa. Atapona ukoma. Kidole huenda kikarudi, huenda kisirudi. Nilitaka mratibu anigombeze. Hakunigombeza, nikazidi kuumia.
Nimemwambia Bibi ukweli, kwamba nimemchelewesha. Kashusha mkono wa sweta. Kisha kauliza kama atafukuzwa kwaya. Nimemwambia hapana, akishaanza dawa hamwambukizi mtu. Sikujua nicheke au nilie.

Ijumaa, 12 Julai
Dozi ya pili. Mzee mmoja wa upele alikataa kuvua shati, tukabishana, akavua. Bibi Pelagia alivua sweta kabla sijamwamkia, akafumba macho mwenyewe. Kwenye baka, kimya. Kidole bado kimejikunja.
Nimemmiminia chai. Kazungushia kikombe kanga mara mbili ndipo akakishika kwa kushoto, kama nilivyomfundisha. Chai ilikuwa imepoa zamani.